Mashine isiyo na sitara: kisa cha mlango wa ofisi moja Lamu

Mwalimu, mzee asiyeona, alifika saa mbili na nusu asubuhi, mkono wa kushoto begani mwa mjukuu wake, wa kulia umeshika fimbo. Alikuja kulipia leseni ya duka la mkewe, kazi aliyoifanya miaka yote pale dirishani: anasalimia, anataja jina, anahesabu noti kwa vidole, anapewa risiti, anakwenda zake. Siku hiyo dirisha lilikuwa limezibwa kwa mbao. Ubavuni mwa mlango palisimama mashine mpya, ndefu, nyeusi, yenye uso wa kioo.

"Mwanangu, hini haineni?" akamwuliza askari wa zamu.

Askari akacheka kidogo, si kwa dharau. "Haineni, Mwalimu. Yataka kushikwa usoni."

Mimi sikuwapo. Haya nimeyapata kwa Mwalimu mwenyewe, kwa askari, na kwa yule mtoto, na wote watatu wanalingana isipokuwa juu ya nani alipaza sauti kwanza. Niliitwa siku nane baadaye, maneno yalipokuwa yameshafika msikitini na sokoni, niitazame mashine na niandike ripoti. Kazi yangu ni kompyuta: kuunganisha, kutengeneza, kuandika programu ndogondogo za maduka na nyumba za wageni. Ofisi siitaji. Ni ya umma, iko mjini Lamu upande wa bahari, na hilo latosha.

Jina lenyewe kwanza. Waliouza mashine waliiita kioski, na barua za ofisi zikafuata. Lakini kioski kwetu kina mwenyewe: ni pale ununuapo kibiriti na robo ya sukari, na ukikosa chenji mwenye duka anakwambia utaleta kesho. Kioski kina mtu ndani. Kitu hiki hakikuwa na mtu, kwa hiyo nitakiita mashine ya kujihudumia.

Ilipangiwa kazi tatu: kukupa namba ya foleni, kukuonyesha huduma uchague, na kupokea malipo kwa simu. Mtoto, wa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyesoma. "Nisomee wewe," babu yake alimwambia, "mato yako ndiyo mato yangu." Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Kiingereza. Mtoto akatafuta kibendera akabadilisha lugha. Pembeni juu palikuwa na kitufe kikubwa chekundu kimeandikwa NYUMBANI.

"Babu, yasema nyumbani."

"Yatwambia turudi?"

Watu wa kwenye benchi wakacheka, naye akacheka nao. Hicho ni kitufe cha kurudi ukurasa wa kwanza. Aliyetafsiri alichukua neno lilivyo akalitia. Neno "Mwanzo" lingemaliza kazi. Nimekiandika kisa hiki mapema kwa sababu ndicho kilichoenea mjini, na kwa sababu ofisi ilitaka ripoti yangu iishie hapo: turekebishe maneno mawili matatu, mambo yaishe.

Baada ya hapo mashine ikataka namba ya simu, mtoto akaiandika. Ombi la malipo likaingia kwenye simu ya Mwalimu, kabambe ya vitufe ambayo amekuwa nayo tangu betri zake zikiuzwa kila duka. Ikataka namba ya siri. Mwalimu akamwinamia mjukuu akamnong'oneza. Mtoto, kama walivyo watoto, akawa anairudia kwa sauti kila tarakimu anapoibonyeza.

Kisha wakasubiri ujumbe. Wakati wanasubiri, mashine ilikuwa inahesabu sekunde thelathini zake, na zilipokwisha bila mtu kuigusa ikarudi ukurasa wa kwanza bila kusema lolote. Ujumbe ulipoingia kwamba fedha zimekatwa, risiti hapakuwa na pa kutoka. Karani aliyetoka ndani alisema mfumo hauonyeshi malipo, warudie. Wakarudia. Siku ya pili malipo yote mawili yakaonekana.

Nilikwenda kumwona kwake baada ya alasiri, tukakaa barazani. Nilidhani atazungumza juu ya fedha. Alizitaja mara moja tu. "Zile zitarudi. Lakini siku ile wametoka pale watu watano wanajua namba yangu ya siri, na mtoto amejua babu yake ana kiasi gani. Sitara yangu nitairudishaje? Nimebadilisha namba, naam. Na hiyo mpya atainibonyezea nani?"

Swali hilo la mwisho ndilo nililolibeba kwenda nalo kazini. Ofisi ilikuwa na jibu tayari, na kwa sheria ya karatasi jibu lao lilisimama: mashine haikuomba namba ya siri ya mtu, simu ndiyo iliyoomba, na simu ni ya mzee mwenyewe. Kwa mtu aliyesimama pale mlangoni hakuna mashine na simu. Kuna shughuli moja, kulipia leseni, na shughuli hiyo ina hatua ambayo mtu asiyeona hawezi kuivuka bila kumfungulia mtu mwingine mfuko wake.

Nyumba zetu za mawe zinajua jambo hili. Mgeni anafikia dakani, kwenye viti vya mawe vya nje ya mlango, na mwenye biashara naye humaliza papo hapo. Akikaribishwa anapita tekani, na tekani imejengwa kwa kupinda ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani, yaani ua wa ndani. Kutoka kiwandani ndipo misana, zile sebule ndefu nyembamba, na nyuma ya misana ndipo ndani. Kila hatua ina ruhusa yake. Mashine ile iliwekwa palipo wazi kuliko pote, uso wake ukilitazama benchi la wanaosubiri. Anayeona huisitiri skrini kwa mgongo wake. Asiyeona mgongo haumfai kitu, maana siri yake inapitia kinywani mwa mtu.

Nilipoifungua mashine kwa nyuma nilikuta jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia watu hudhani natia chumvi. Mbele, chini ya skrini, palikuwa na kitundu cha kuchomeka visikilizi vya masikioni, kizuri, kina alama ya sikio pembeni. Nyuma ya kitundu hapakuwa na waya. Spika ilikuwamo, kadi ya sauti ilikuwamo, ila kitundu kiliishia hewani. Pembeni palibandikwa picha ya kiti cha magurudumu, na juu ya skrini kipande cha plastiki chenye maandishi ya nukta nundu, yale ya vipofu ya kusomwa kwa vidole. Nilicheka peke yangu mle ndani ya stoo, kisha nikaona haya.

Nikaomba karatasi za zabuni. Kurasa zaidi ya arobaini: unene wa bati, aina ya rangi, uzito, saa za kufanya kazi umeme ukikatika. Juu ya watu wenye ulemavu palikuwa na mstari mmoja: mashine iwe rafiki kwa watu wenye mahitaji maalumu. Kontrakta alileta urafiki. Kitundu, stika, plastiki. Nilimpigia simu, naye hakubabaika: alileta alichoagizwa. Sina la kumlaumu sana. Ukimwambia seremala "nitengenezee kitanda kizuri" usimtajie urefu, miguu ikining'inia kosa ni la nani?

Na urefu ulikuwapo wa kutaja. Katiba ya 2010, Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote, vyombo vya usafiri wa umma na habari, na haki ya kutumia lugha ya ishara, nukta nundu au njia nyingine imfaayo. Kenya iliuridhia mwaka 2008 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinahusu jambo hili hili. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 imebadilishwa na mpya ya 2025. Lakini sheria haisemi kitufe kiwe sentimita ngapi kutoka chini. Kazi hiyo ni ya viwango, na Shirika la Viwango la Kenya lina KS 2952 cha mwaka 2022 juu ya vifaa na huduma za teknolojia, kinachokwenda sambamba na kiwango cha Ulaya EN 301 549. Kukitaja kwa namba yake kwenye zabuni kungechukua nusu mstari.

Ndani ya viwango hivyo kuna wazo moja ambalo wengi wetu wa kompyuta tunalipita. Simu yako ukiona haikufai unaitia programu ya kusoma skrini kwa sauti, unakuza herufi, unaizoea. Ni yako. Mashine ya umma imefungwa: huwezi kuitia chochote cha kwako, na umesimama mbele yake kwa dakika mbili na watu nyuma yako. Kwa hiyo kila msaada ambao mtu angeubeba mwenyewe lazima uwe umo ndani tangu mwanzo. Si jambo geni wala la majaribio. Mashine ya kwanza ya kutolea fedha yenye kuzungumza iliwekwa na benki moja mjini Ottawa, Kanada, mwaka 1997, miaka kumi kabla ya M-Pesa kuanza hapa kwetu.

Nilichukua futi kamba. Kitufe cha juu kabisa kilikuwa sentimita 158 kutoka sakafuni, na mlango wa risiti sentimita 31. Vipimo vya Marekani vya 2010, ambavyo mafundi wengi duniani huvitumia kwa sababu vimeandikwa wazi, vinataka kila cha kushikwa kiwe kati ya sentimita 38 na 122. Skrini isomeke kutoka kimo cha kama mita moja, ndiko yaliko macho ya mtu aliyekaa. Mbele pawe na nafasi tupu ya sentimita 76 kwa 122, kiti cha magurudumu kitulie. Kitufe kibonyezeke kwa mkono mmoja bila kufinya wala kuzungusha. Mbele ya mashine yetu palikuwa na chungu cha maua.

Nilimwomba dada mmoja wa Shela, atumiaye kiti cha magurudumu, aje tujaribu. Alikuja kwa boti, na kuteremshwa kwake gatini ni kisa kingine: maji yalikuwa yamekupwa, ngazi zina utelezi, mabaharia wawili wakamnyanyua yeye na mwingine akabeba kiti. Alipofika mlangoni pa ofisi akakuta vidato viwili. Akanyanyuliwa tena. Mbele ya skrini akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Mimi hapa naona mlango." Kioo kilikuwa kimeinamishwa kwa mtu mrefu, yeye alichoona ni kivuli cha mlango wa nyuma yake na mwanga wa bahari. Ofisi inatazama mashariki, upande wa Manda, na asubuhi jua linaingia moja kwa moja. Hata mimi nisiye na kasoro ya macho sikusoma kitu mpaka saa nne kasoro. Wazee wenye mtoto wa jicho walikuwa wameshaacha kujaribu. Wanampa karani fedha mkononi kwa kificho, naye anawalipia kwa simu yake. Ndivyo dirisha lilivyokuwa limerudi kinyemela, safari hii bila risiti.

Vidato vile viwili vilikula muda mwingi kuliko programu. Vyote pamoja vina kimo cha sentimita 34. Mteremko unaokubalika ni wa moja kwa kumi na mbili, kwa hiyo unataka zaidi ya mita nne za njia, na mita nne zikitoka pale zinaziba ukingo wa bahari wapitapo punda na mikokoteni. Tena mji wa kale umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, hakuna anayemwaga saruji mbele ya jengo apendavyo. Tulibishana wiki nzima. Halafu mfagizi, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema mbona mlango wa uchochoroni hauna kidato. Haukuwa nacho. Unaingia kwenye ua wa ndani, na ufunguo wake ulikuwa kwa mwenye stoo kwa sababu ndiko yanakowekwa maboksi.

Mashine ikahamia uani, chini ya kibaraza, ubavu wake ukipewa ukuta. Jua halifiki, benchi haliioni, chungu cha maua kimebaki kule kule. Kwa hamisho hilo peke yake, bila kugusa waya, matatu kati ya niliyoyaandika yalipungua makali. Lakini lilizaa jipya. Namba za foleni zilikuwa zinaitwa kwa kengele na kwenye televisheni ndogo ya ukumbi wa mbele. Kijana mmoja kiziwi, fundi wa kuchonga milango, alikuwa akikaa mkabala wa televisheni hiyo na kuona namba yake. Sasa akichukua namba uani hajui aende wapi, na kengele kwake haipo. Nilikuwa nimemfikiria kila mtu katika ripoti ila yeye, kwa kuwa yeye hakuwa amelalamika. Tuliweka kioo cha pili uani, kinachoonyesha namba na mahali pa kwenda kwa herufi kubwa. Nilipendekeza pia video fupi ya lugha ya ishara kwenye ukurasa wa mwanzo, na hiyo haijafanywa.

Kuhusu mguso sitasema mengi. Skrini nyingi za sasa huhisi umeme mdogo wa ngozi. Mkono ulioroa unaichanganya, glavu inaizuia, mkono wa bandia haijui. Mvuvi mmoja mwenye vidole viwili vilivyokatwa na mshipi, mikono imeganda chumvi, aliigusa mara sita ikamjibu mara mbili. Zipo skrini zinazohisi kubanwa, hizo hazijali nini kimezigusa. Ila kubadilisha kioo kungegharimu karibu na mashine nyingine. Tulikwenda njia ya vitufe vya kweli.

Vitufe vinne, vya chuma kisichoshika kutu, vimepangwa mstari mmoja kwa kimo cha sentimita 95: mshale wa juu, mshale wa chini, duara la kukubali, na alama ya X ya kukatiza. Alama zimeinuka, kidole kinazisoma. Alama hizo mbili za mwisho si zangu. Ndizo zinazotumika kwenye mashine za fedha kwa kanuni za Marekani, na nilizichukua ili mtu akienda kwingine akazikuta asianze upya. Kwa vitufe hivyo unapita kila kitu kilichomo bila kugusa kioo: unashuka orodha, unasikia, unakubali. Vinamfaa Mwalimu, vinamfaa mvuvi, na dada wa Shela anavifikia.

Kusikia kwenyewe tukakuchagulia mkono wa simu wa zamani, ule wenye kamba ya chuma. Kile kitundu cha mbele nilikiunganisha, kwa kuwa kilinikera, lakini nani huku anatembea na visikilizi mfukoni? Mkono wa simu kila mzee anajua kuuinua. Ukiuinua, sauti inaanza, na skrini inazimika iwe nyeusi. Hilo la pili ni la sitara: asiyeona hana haja ya mwanga, na walio nyuma yake hawana haja ya kusoma.

Sauti tulijaribu kwanza ile ya kompyuta. Programu iliyokuwamo haikuwa na Kiswahili, ikawa inasoma maneno yetu kwa ulimi wa Kiingereza; "lipa" ilitoka "laipa", na "chagua" siwezi hata kuiandika. Zipo sauti za kompyuta zinazosema Kiswahili vizuri siku hizi, ila mashine hii haina mtandao wa kutegemewa, na maneno yake yote hayazidi mia mbili. Tukamwomba mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama mwenye sauti ya utulivu, akayasoma siku moja chumbani palipotandikwa magodoro ukutani. Namba zilikuwa rahisi kuliko nilivyotaraji. Kiswahili kinahesabu kwa kupanga: elfu mbili, mia tano, hamsini, na tano. Unarekodi vipande, unaviunga, haviangushani. Saa ndiyo iliyotuumbua. Programu ilikuwa imeandikwa saa za kizungu, na siku ya kwanza mama yule akasikika akimwambia mtu ofisi inafungwa "saa kumi na sita". Saa kumi na sita ni ya nchi gani? Ilibidi niandike kanuni ya kuondoa sita na kuongeza asubuhi, mchana, jioni.

Sasa namba ya siri. Hapa ndipo ninapojivunia kidogo, nisamehewe. Mwalimu si kwamba hawezi kubonyeza simu yake. Kabambe ina kinundu kwenye tarakimu ya tano, na kwa kinundu hicho anapiga simu kila siku bila mtu. Asichojua ni lini ombi limefika na limesema nini, maana simu ile haisemi. Lakini mashine inajua. Ndiyo iliyolituma ombi, na mfumo wa malipo huirudishia jibu: imelipwa, namba ya siri si sahihi, imekatizwa, muda umekwisha. Kwa hiyo tukaifanya mashine iseme kwa niaba ya simu, sikioni mwake peke yake: "Ombi la shilingi kadhaa limetumwa kwenye simu yako. Ukisikia mlio, andika namba ya siri, kisha kubali." Halafu inangoja. Na jibu likija inalisoma. Mkono mmoja kwenye simu, mwingine umeshika mkono wa simu ya mashine, na hakuna anayehitaji kuambiwa chochote.

Zile sekunde thelathini nilizifuta. Njia mojawapo inayokubaliwa na mwongozo wa kimataifa wa tovuti, WCAG, ni mtu aonywe kabla muda haujaisha na apewe si chini ya sekunde 20 za kuomba nyongeza kwa kitendo chepesi. Mashine sasa inauliza, "Bado upo?" na kubonyeza chochote kunatosha. Malipo nayo yameachanishwa na skrini: hata ikirudi mwanzo, risiti inangoja kwa namba ya simu hadi jioni, na karani anaweza kuichapa.

Nilijaribu kazi yangu kabla ya kumwita Mwalimu. Nilijifunga leso machoni, nikalipa, nikapata risiti, nikaridhika. Upuuzi mtupu. Mimi niliipanga ile orodha, naijua kama njia ya kwetu. Leso iliziba macho, kichwa hakikuzibwa. Mwalimu alipokuja, sauti ilimwambia, "Bonyeza kitufe cha chini." Akainama. Akapapasa chini ya mashine mpaka sakafuni, akitafuta kitufe kilichoko chini. Nilisimama pale nikitamani ardhi inimeze. Tukarekodi upya: kila kitufe kikatajwa kwa umbo lake, mshale unaotazama juu, mshale unaotazama chini, duara, msalaba. Na mwanzoni kabisa sauti inamwambia mtu aipitishe mikono kutoka kushoto kwenda kulia, avihesabu.

Ile plastiki ya nukta nundu, nilipompelekea kijana aliyesoma shule ya vipofu ya Likoni, aliigeuza kabla ya kuisoma. Ilibandikwa kichwa chini. Imebandikwa upya. Mwalimu mwenyewe hasomi nukta nundu, macho yalimtoka ukubwani, na kwake kipande kile ni mapambo. Wapo wengine ambao ndicho kitabu chao. Ndiyo maana siwaelewi wanaouliza ni ipi kati ya sauti na nukta nundu tuiweke.

Ofisi ilikuwa na mpango wa awamu ya pili, watu wajitambulishe kwa alama za vidole. Niliandika ukurasa mzima kupinga iwe njia pekee. Vidole vya mjenzi wa majahazi, vya msusi wa mikeka, vya mkata mawe, vya bibi wa miaka themanini, vimelika. Kiwango chenyewe kinasema mtu asitambuliwe kwa kiungo kimoja tu bila njia nyingine. Wamesema wataliangalia.

Dirisha ndilo tuliloshindwana. Katika ripoti nililiweka la kwanza, juu ya vitufe, juu ya sauti: fungueni lile dirisha, karani akae, fedha taslimu zipokelewe. Halina gharama, mbao zinang'olewa kwa nyundo. Wapo ambao hakuna mashine itakayowafaa hata ikisema kwa lugha saba, na wapo wasio na ulemavu wowote ila hawataki, na hao nao ni watu. Ofisi ikajibu kwamba mashine ilinunuliwa ili kupunguza mikono kwenye fedha, na hoja hiyo ina uzito, sote tunajua kwa nini. Mwisho dirisha likafunguliwa hadi saa sita mchana. Anayetoka Kiunga au Faza kwa boti akifika saa saba atajijua. Mimi sikuridhika na nimeyaandika hayo pia, ukurasa wa mwisho, uliopotea mara mbili ulipokuwa unapigwa muhuri.

Dada wa Shela bado ananyanyuliwa gatini. Ufunguo wa mlango wa uchochoroni sasa uko kwa askari, na siku askari akienda kuswali mtu anangoja.

Mwalimu nilimkuta uani mwezi uliopita, amemwacha mjukuu nje akicheza. Alikuwa ameshika mkono wa simu, uso ameukunja. Nikadhani kuna hitilafu. Alipomaliza, akakunja risiti akaitia mfukoni mwa kanzu, akanijua kwa salamu.

"Huyo mama uliyemtia humo," akasema, "mwambie aharakishe. Anisomea kama mtoto wa chuoni aliyeanza alifu leo."

Nimeshaandika kipande cha kuongeza kasi, kwa mshale wa juu ukishikiliwa. Kinangoja kontrakta aje na nywila yake.